Mzungu Aliyezikwa Asubuhi

Kosa langu la kwanza nikiwa mwalimu lilikuwa kuwashtaki watoto thelathini na wanane kwamba wameibiana majibu, kwa sababu wote walikuwa wamepata.

Nasema la kwanza kwa heshima ya yale mengine, ambayo nayo nimeyaandika katika daftari maalumu, kila moja na siku yake, kwa wino wa rangi tatu. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Wakati ule, kabla ya kuingia darasani, nilikuwa nanawa mikono mara mbili kama daktari anayekwenda kupasua tumbo la mtu. Niliandika maandalizi ya somo, halafu maandalizi ya hayo maandalizi. Ubao nikiukuta na chaki ya jana, niliufuta mara tatu. Cheti cha ualimu sina. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe hapa hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, kwa redio ya jirani na kwa kamusi isiyo na jalada iliyoanzia herufi C, kwa hiyo kwa miaka mingi maneno ya A na ya B niliyakisia tu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja: anaogopa kwamba siku yoyote atatokea mwenye cheti, amnyooshee kidole na kusema, huyu hapa. Dawa niliyoigundua ilikuwa kuwahi kuwanyooshea wengine.

Shule yetu iko Rubondo, upande mmoja wa kambi. Mabati juu, matofali ya udongo pembeni, na walimu wa kujitolea ambao hujitolea kuja siku ambazo hawana shamba la kupalilia. Mimi nilipewa Kiingereza cha Senior One, yaani kidato cha kwanza: watoto wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, Warundi kama mimi na Wakongo wa Kivu ya Kusini, wanaosoma kwa Kiingereza, wanaogombana kwa Kiswahili, na kila mmoja akiumia hulia kwa lugha ya mama yake.

Kila mwisho wa mwaka, shule moja ya bweni kule Mbarara huchukua mtoto mmoja kutoka kwetu na kumsomesha mpaka amalize. Mmoja tu. Mwaka ule mtoto mwenyewe alikuwa anajulikana hata na mbuzi wa Rubondo: msichana wa Kikongo wa benchi la mbele, aliyeishi na shangazi yake muuza dagaa. Alimaliza hesabu wakati wenzake bado wanachora mstari wa pembeni. Barua yake ya tabia njema niliiandika mimi, rasimu kumi na moja, na ile ya mwisho ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilijionea wivu. Ilikwisha kwenda Mbarara. Kilichobaki ni mahojiano ya Ijumaa moja mwishoni mwa muhula.

Hapo ndipo nilipoamua kufundisha hadithi ya Krismasi.

Siyo ile ya zizi la ng'ombe. Hiyo waliijua kunishinda, na monita wa darasa aliwahi kuigiza punda miaka miwili mfululizo. Nilitaka hadithi ya kale ya Waingereza, ya mzimu, ya aina ambayo inasemekana wao husimuliana sikukuu ikifika na baridi imewafungia ndani. Niliipata Mbarara kwenye rundo la vitabu vya mtumba. Baadaye nikapata mwongozo wake wa mwalimu kwenye mtandao, wenye maswali na, muhimu zaidi, majibu. Niliuchapisha Base Camp, penye ofisi za kambi, na kuutia ndani ya nailoni. Niliuhifadhi kama watu wa hapa wanavyohifadhi karatasi ya familia, ile ya ukimbizi.

Hadithi yenyewe ni fupi. Kuna tajiri mwenye duka katika mji wa baridi. Ana ndugu yake, ndugu anakufa. Mkesha wa Krismasi tajiri ameketi mezani peke yake, mlango unafunguka wenyewe, ndugu anaingia, anavuta kiti chake cha zamani, anaketi. Hasemi kitu. Anamtazama tu. Mwaka unaofuata anakuja tena, na unaofuata tena, mpaka tajiri anatoka mbio kwenye theluji akipiga kelele, na hadithi inaishia hapo. Mwongozo ulikuwa na swali la tano, lenye alama kumi: kwa nini mzimu ulikuja? Na jibu lilikuwa hapohapo chini yake: mzimu ni alama ya dhamiri ya tajiri. Alama ya dhamiri! Nilihisi nimeingia chuo kikuu kupitia dirishani.

Nilianza na theluji. Mwongozo ulimshauri mwalimu alete kitu cheupe ili wanafunzi wahisi mazingira. Nikachukua unga wa muhogo wa mama, nikaunyunyiza juu ya meza kwa vidole, taratibu, huku nasoma kwa sauti ya huzuni. Hakuna aliyehisi mazingira. Darasa zima lilikuwa linatazama unga.

"Mwalimu," akasema monita, Mrundi mwenye sauti ya mzee wa kanisa, "unga huo ni wa kula?"

"Huo ni theluji."

"Ndiyo. Lakini kabla ya kuwa theluji?"

Kipindi kilipoisha, mtu alikuwa amekwisha kuikusanya theluji yangu yote kwenye karatasi ya daftari na kuikunja vizuri. Niliuliza ni nani. Wote walitazama dari. Niliandika kwenye kumbukumbu zangu: wanafunzi hawana uwezo wa kubuni.

Siku ya pili tukaingia ndani ya hadithi. Nilikuwa nimejiandaa kuwatetea Waingereza kuhusu mzimu, maana nilidhani watoto hawatauamini. Mzimu waliupokea kama mgeni anayejulikana. Aliyewashinda alikuwa tajiri.

"Anakula Krismasi peke yake?" akauliza mmoja.

"Peke yake."

"Mashemeji wako wapi?"

"Hadithi haisemi."

"Majirani?"

"Hawamo."

"Hata mtu wa kuja kuomba chumvi?"

"Muzimu sawa," akasema msichana wa benchi la mbele, akifunga mjadala. "Lakini tajiri ya kukula Noeli yeye moja? Ile ni uongo." Halafu akainua kitabu. "Mwalimu, hapa ku ukurasa ya tatu banasema—"

"Hatujafika kwenye maswali," nikamwambia. Mpango wangu wa somo ulisema maswali ni siku ya tatu. Ukurasa wa tatu nilikuwa nimeusoma mara ishirini. Nilijua kila neno gumu lililomo, nilikuwa nimeyaandika yote pembeni kwa penseli pamoja na maana zake. Nilichokuwa sijafanya ni kuusoma.

Jumatatu ya wiki ile ya mahojiano niliwapa jaribio. Nikakusanya karatasi, nikaketi ofisini na kalamu nyekundu, nikaanza na swali la tano kwa sababu ndilo nililolipenda. Karatasi ya kwanza: mzimu ulikuja kwa sababu hawakuondoa kilio chake. Nikaweka sifuri. Ya pili: ndugu alikuja kwa sababu hawakumaliza kilio. Sifuri. Ya tatu, ya nne, ya kumi. Wote. Kila mmoja kwa Kiingereza kilichovunjika mahali pake tofauti, lakini jambo lilelile. Mtoto mmoja tu, wa thelathini na tisa, aliandika "sijui", na yeye nikampa alama mbili za uaminifu.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Angejua kwamba watoto wanaoibiana huibiana na makosa, na kwamba hakuna njia thelathini na nane za kunakili sentensi moja vibaya. Mimi niliona njama. Na chini ya hasira, kwa kuwa nimeamua kusema kweli, kulikuwa na woga: kwamba wote wanajua kitu ambacho mimi sikijui.

Kwa asiyezifahamu desturi zetu: mtu akifa, maziko siyo mwisho. Watu hukaa msibani, kazi husimama, jembe hulala. Baadaye, baada ya miezi au mwaka, jamaa na majirani hukutana tena. Kinywaji huwekwa katikati, mtu husimama akasema neno, mwingine akamjibu, mambo ya marehemu hufungwa mbele ya watu na kilio huondolewa. Warundi tunasema kuganduka. Wakongo wana namna yao, lakini wakikaa na sisi hatuhitaji mkalimani. Kabla ya siku hiyo, marehemu bado ana jambo lake pale nyumbani. Haya niliyajua kama ninavyojua njia ya kwenda kwenye bomba la maji. Ila sikujua kwamba yanaruhusiwa kuingia darasani.

Jumanne asubuhi nikaingia na karatasi zangu.

"Nani alianza?" nikauliza.

Nikazipepea karatasi hewani.

"Swali la tano. Mmoja aliandika, wengine wakakopi. Ni nani?"

"Mwalimu, hakuna aliyekopi," akasema monita.

"Watu thelathini na wanane, jibu moja?"

"Mwalimu, watu thelathini na wanane wakiulizwa mvua inatoka wapi..."

"Kaa chini."

Jibu refu na zuri kuliko yote lilikuwa la msichana wa benchi la mbele. Kwa hesabu zangu, chanzo cha mto ni mahali maji yalipo safi. Nikamsimamisha. Nikamwita mwizi wa mtihani mbele ya darasa zima, kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili asije akapitwa na neno. Hakulia. Alifungua kitabu kwenye ukurasa wa tatu, akakiinua kuelekea kwangu, na mimi nikamwambia akifunge.

Kisha nikafanya jambo ambalo katika daftari langu nimelipigia mstari mara mbili. Niliandika barua ya pili kwa kamati ya shule ile ya Mbarara. Niliwajulisha kwa masikitiko kwamba mtoto niliyempendekeza amebainika kuongoza udanganyifu. Rasimu moja tu! Mkuu wetu wa shule, Munyankore, mwenyeji wa wilaya ya Isingiro, mwenye mapenzi makubwa na muhuri wake, aliugonga bila kusoma. Nikapiga picha na kuituma kwa simu. Jibu lilikuja kabla chai yangu haijapoa: jina limeondolewa, asante kwa uaminifu wako. Neno hilo, uaminifu, nililisoma mara nne.

Shangazi wa msichana, aliyekwisha kusikia habari za barua, alifika saa sita mchana, na beseni lake la dagaa kichwani, kwa sababu hakuona sababu ya kulipeleka nyumbani kwanza. Alisimama mlangoni mwa ofisi akanipima kuanzia viatu.

"Ni weye mwalimu? Nilifikiri ni mutu mukubwa."

"Karibu, mama."

"Siko mama yako. Unasema mutoto wangu aliiba. Aliiba nini? Kuku?"

"Jibu la mtihani."

"Jibu ya nani?"

"Ya... ya wote. Wote wanalo."

"Bote beko nalo."

"Ndiyo."

"Sasa, kama bote beko nalo, ni nani alipoteza?"

Nikaegemea kwenye mwongozo wangu. Nikamwonyesha ile nailoni, nikamweleza kwamba jibu sahihi ni dhamiri. Aliutazama mwongozo kama dagaa wa wiki iliyopita.

"Ulimusemea vibaya mbele ya batu," akasema, akijiweka sawa beseni. "Ile maneno utairudisha mbele ya batu. Na kule Mbarara, utaenda weye mwenyewe na miguu yako. Ijumaa hii mutoto wangu ataenda kule ao ataanza kuuza dagaa na mimi. Hakuna ya tatu."

Alipoondoka aliiacha ofisi inanuka dagaa, na nilijiambia kwamba ndiyo sababu siwezi kufikiri.

Nilikwenda nyumbani mapema. Mama alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba anachambua maharage. Mama yangu hajui kusoma. Wala hakuwahi kuonana na mwanafunzi wangu yeyote. Hilo ni muhimu. Nikaketi karibu yake, nikaanza kumsimulia mateso yangu, na ili aelewe ukubwa wa njama nikalazimika kumsimulia hadithi yenyewe. Tajiri. Duka. Ndugu anakufa. Nikamwambia kila mkesha wa Krismasi anakuja anaketi kwenye kiti, hasemi neno.

Mama hakuinua macho. Alitoa jiwe dogo kwenye maharage akalitupa.

"Kwani hawajaganduka?" akauliza.

Nitakiri: kwa kitambo kidogo nilimshuku mama yangu kwamba naye amekopi.

"Mama, nani amekuambia?"

"Nani aniambie nini, mwana wanje, mwanangu? Mtu amekuja, ameketi, hasemi. Anataka nini kingine? Anangoja wafunge mambo yake." Akaendelea kuchambua. "Alizikwa vipi?"

"Hadithi haisemi," nikajibu, kwa mazoea.

"Itakuwa imesema. Hakuna anayesimulia kifo asiseme mtu alizikwa vipi."

Nikafungua begi, nikatoa kitabu, nikaenda ukurasa wa tatu. Ukurasa wangu, wenye penseli yangu pembeni kote. Na hapo katikati, kati ya maneno mawili magumu niliyoyatafsiri kwa ufasaha mkubwa, palikuwa na sentensi nyepesi isiyo na neno hata moja la kutafuta kwenye kamusi, ndiyo maana sikuwahi kusimama juu yake. Ilisema kwamba ndugu alizikwa asubuhi, na kabla ya saa sita mchana duka lilikuwa wazi.

Nikamtafsiria mama. Aliacha maharage.

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Haa!" akasema. "Na wewe unauliza anataka nini." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha, "Hata baba yako hatujamgandukia. Wajomba zako kila mwaka wanasema tutarudi Burundi kwanza."

Nilichukua karatasi za jaribio, nikasoma tena jibu la msichana. Alikuwa ameandika ukurasa, mstari, na maneno yenyewe, kwa mkono wake mzuri. Chini yake nilikuwa nimeweka sifuri kubwa, ya mviringo, iliyochorwa kwa uangalifu.

Jumatano asubuhi nilimfuata mkuu wa shule kumwomba tuifute barua. Alivuta droo, akautoa muhuri, akautazama kwa huzuni.

"Mwalimu, muhuri nakwisha kugonga. Muhuri hapana rudi nyuma."

"Lakini tulikosea."

"Wewe nakosea. Muhuri hapana kosea."

Kwa hiyo nikaenda Mbarara bila muhuri. Njiani kote nilikuwa naandika kichwani barua ya kukanusha, na kila nilipofika mwisho nilirudi mwanzo kuipamba. Nilitaka iwe barua ambayo mtu akiisoma atasema, huyu kijana, hata makosa yake ni ya hali ya juu. Nilipofika kwenye ofisi ya kamati, karani, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniita bwana kwa lugha yao na kuniuliza kabla sijasalimia.

"Sebo, wewe nataka nini?"

Nikamweleza. Akaenda kwenye kabati, akaleta faili la msichana, akalifungua. Barua yangu ya kwanza, ya rasimu kumi na moja, ilikuwa chini. Ya pili, ya rasimu moja, iliyochapishwa kutoka kwenye simu, ilikuwa juu yake.

"Hii wewe ndiyo naandika?"

"Ni mimi."

"Na hii?"

"Na hiyo."

"Na sasa nataka andika ya tatu." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe nafundisha watoto kweli, au nafundisha barua?"

Akaniambia orodha ya mahojiano inafungwa saa saba, na kwamba saa ilikuwa sita na nusu. Akanisukumia karatasi na biki ya buluu iliyotafunwa. Hakukuwa na kamusi. Hakukuwa na nafasi ya rasimu. Nikaandika kwamba nilimshtaki mtoto bila kumsikiliza. Kwamba jibu lake lilikuwa sahihi na lilitoka kwenye kitabu. Kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijasoma. Nikakata maneno mawili. Nikatia doa. Nikaweka sahihi. Ilikuwa barua mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika, na nilipompa nilihisi kama nimetoka nje bila suruali.

Akaisoma taratibu. Akachukua orodha, akaandika jina la msichana chini kabisa, nje ya mstari.

"Ijumaa saa tatu. Asichelewe."

"Na ile barua ya pili," nikasema. "Naomba uitoe."

Alicheka kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyesikia jambo la kumsimulia mumewe. "Sebo, faili nakula tu. Faili hapana tapika." Akaweka barua ya tatu juu ya ya pili, akafunga.

Nilimpigia simu shangazi nikiwa bado kwenye ngazi. Alipokea.

"Weye tena?"

"Ijumaa saa tatu. Jina lake limerudi."

Nikasikia kelele za soko, mtu anauliza dagaa ni wa ziwa gani. Kisha akasema, "Muzuri. Imebaki ya mbele ya batu," akakata.

Ijumaa walikwenda. Nami nilikuwa na ndoto yangu ya siri, ambayo naiandika hapa ili inidhalilishe kabisa: niliota kwamba kamati itamwuliza kuhusu mzimu, naye ataeleza kuhusu kilio, nao watashangaa, na katika kushangaa wataniuliza mimi ni mwalimu wa namna gani. Nilimngoja Rubondo siku nzima. Aliporudi nikamwuliza, "Walikuuliza nini?"

"Hesabu," akasema.

"Na hadithi?"

"Hapana. Waliuliza hesabu tu. Halafu waliuliza kama nikikunywaka maziwa tumbo inaniuma, juu pale banakunywa maziwa mingi."

Jumatatu iliyofuata wakatuma ujumbe kwamba nafasi ni yake. Kwa ajili ya hesabu. Mzimu wangu, mwongozo wangu, barua zangu tatu, havikumsaidia hata kwa nukta moja. Kitu pekee nilichoweza kufanya katika jambo lile kilikuwa kumzuia, na nilikaribia sana kufaulu.

Siku ya mwisho ya muhula shangazi alikuja kudai deni la maneno. Watoto walikuwa wameshapanga kila kitu bila mimi. Waliweka kreti ya soda katikati ya darasa na kiti kimoja kitupu mbele. Monita akanijulisha kwamba, kwa kuwa yule Mzungu alizikwa asubuhi na duka likafunguliwa, darasa limeamua kumwondolea kilio, na kwamba tajiri nitakuwa mimi.

"Kwa nini mimi?"

"Mwalimu," akasema monita kwa upole wa kikanisa, "tulipiga kura."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, kurasa nne, kwa rangi tatu. Nikasimama mbele ya kiti kitupu, nikaanza kusoma utangulizi wenye historia fupi ya malezi yangu.

"Fupisha, mwalimu," akasema shangazi kutoka nyuma. "Soda inapata moto."

Nikakunja kurasa. Nikakiambia kile kiti kwamba nilimzika ndugu yangu asubuhi na mchana nikafungua duka, na kwamba nimekosa. Kisha nikageuka kwenye benchi la mbele. Nikasema kwamba nilimwita mtoto huyu mwizi mbele yenu, na hakuiba. Alikuwa amesoma, na mimi sikuwa nimesoma. Nikasema hivyo kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kiingereza, asije mtu akapitwa na neno. Wengine wakacheka. Msichana hakucheka, ila aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea chenji na kuiona kamili.

Monita akajibu kwa niaba ya wafiwa. Alisema neno limesikika, kwamba marehemu alikuwa Mzungu mvumilivu, kukaa kwenye kiti miaka yote ile bila hata kupewa chai, na kwamba sasa aende salama na tajiri atafute mashemeji. Soda zikafunguliwa. Shangazi alikunywa yake yote kwa mkupuo, akaniuliza kama kweli sijaoa, akasema hashangai.

Msichana yuko Mbarara mpaka leo, anaingia Senior Four, na barua yangu ya pili bado imo ndani ya faili lake. Kila muhula nikienda mjini napita kuiomba. Karani ananisalimu vizuri na hanipi. Kuhusu kilio cha baba, wajomba bado wanasema tutarudi kwanza. Hadithi ile naifundisha kila mwaka, bila unga. Mwongozo niliutoa kwenye nailoni, na nailoni mama anafunikia maharage. Siku hizi nasahihisha kwa penseli, na darasa zima likiandika jibu ambalo silijui, nawaambia wanionyeshe ukurasa.